Mkeka uliokosa timu moja: ubongo wa kijana kati ya pupa na shuruti

Chukua mkeka wa mechi kumi, yaani tiketi ya kubeti inayolipa, au kutiki, pale tu timu zote ulizozichagua zikishinda. Tuseme aliyeuweka anaujua mpira kweli, na kila timu aliyoichagua ina nafasi ya asilimia 70 ya kushinda. Nafasi ya zote kumi kushinda ni asilimia 2.8. Nafasi ya tisa kushinda na moja kumwangusha ni asilimia 12.1. Yaani kwa kila mkeka mmoja unaotiki, kuna zaidi ya minne inayochanika kwa timu moja tu. Nafasi ya kila timu ikishuka hadi asilimia 60, pengo linapanuka: mkeka unaotiki ni chini ya mmoja kwa mia, na unaokosa timu moja ni wanne kwa mia.

Hakuna aliyeificha hesabu hii. Ila kijana aliyekosa timu moja Jumapili usiku haoni kwamba amepata kile ambacho hesabu ilikuwa imemwandalia tangu Ijumaa. Anaona alikaribia.

Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa mchezo wa magurudumu mawili yenye picha. Picha zikilingana, umeshinda. Gurudumu likisimama hatua moja kabla au baada, umekosa kidogo. Kukosa kidogo kuliamsha straiatamu ya chini, iliyo ndani kabisa ya ubongo, pamoja na insula, sehemu zilezile zinazoamka mtu anaposhinda pesa. Wachezaji wenyewe walisema kukosa kidogo kunaudhi kuliko kukosa kabisa. Hata hivyo kuliwaongezea hamu ya kucheza tena, hasa pale walipochagua picha wenyewe badala ya kuchaguliwa na kompyuta. Ndiyo maana mkeka uliokaa nao saa nzima ukichambua majeruhi na misimamo ya ligi unakushika kuliko tiketi ya bahati nasibu uliyopewa mkononi.

Ninaanza na hili kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu vijana na kubeti yameishia kwenye maneno matatu: tamaa, uvivu, malezi. Hayo maneno hayamsaidii mtu kuamua cha kufanya kesho asubuhi. Kijana anayeweka mkeka ghafla kwa sababu ameiona mechi kwenye televisheni ya kibandani, na mwingine anayeamka saa nane usiku kuweka pesa asizozifurahia tena, wana matatizo mawili tofauti kwenye sehemu mbili tofauti za ubongo. La kwanza nitaliita pupa, la pili shuruti. Pupa ni kutenda kabla ya kufikiri, kwa kuvutwa na kitu kizuri kilicho mbele. Shuruti ni kurudia kitendo ambacho mtu mwenyewe anajua hakina faida tena, kwa sababu kutokukifanya kunamletea dhiki au kwa sababu mwili umeshajifunza kukifanya bila kuuliza. Matatizo haya yanaishi jirani, na mara nyingi la kwanza huzaa la pili. Dawa zake si moja.

Dopamini haifanyi kazi unayodhani

Watu wengi wamesikia kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Kazi ya Wolfram Schultz, aliyerekodi seli za dopamini kwenye ubongo wa nyani kuanzia miaka ya 1980, ilionyesha jambo sahihi zaidi. Nyani aliona taa, kisha akapewa matone ya maji ya matunda. Mwanzoni seli zililipuka maji yalipofika. Baada ya nyani kujifunza kwamba taa hutangulia maji, seli zililipuka kwenye taa, na maji yenyewe hayakuzishtua tena. Taa ikiwaka na maji yasipokuja, seli zilinyamaza katika sekunde ileile ambayo maji yalitarajiwa. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague waliliandika hilo kama kanuni: dopamini hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kikizidi matarajio inapanda, kikipungua inashuka, kikiwa sawa inatulia.

Kuna nyongeza ya mwaka 2003 ambayo kwa maoni yangu kila mzazi anayelalamika kuhusu simu angepaswa kuijua. Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Schultz walibadilisha uwezekano wa nyani kupata maji. Katika muda wa kusubiri, kati ya ishara na matokeo, seli za dopamini ziliendelea kupanda taratibu, na zilipanda zaidi kuliko wakati wowote pale nafasi ilipokuwa nusu kwa nusu. Kutokuwa na uhakika kwenyewe kunaamsha mfumo huu.

Sasa tazama kindege, ule mchezo wa kubeti wa ndege inayopaa kwenye kioo cha simu. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako, inaanza 1.00 na kupanda. Kazi yako ni kutoa pesa kabla hakijaruka na kupotea. Mchezo wa aina hii uliotengenezwa kurudisha asilimia 97 una nafasi ya asilimia 48.5 ya kufika odi 2, karibu kabisa na ile nusu kwa nusu. Muda wa kusubiri unaonekana kwa macho, unapanda mbele yako. Kisha matokeo, kisha raundi nyingine baada ya sekunde chache. Ukitoa kwenye 1.8 kikaendelea hadi 40, unayaona yale ambayo ungeyapata, na gamba la juu ya macho, ambalo kazi yake mojawapo ni kulinganisha kilichotokea na ambacho kingetokea, linakuandikia majuto. Watu walioharibika sehemu hiyo ya ubongo hawayasikii majuto hayo kama wengine. Utafiti wa Nathalie Camille na wenzake wa mwaka 2004 ulilionyesha hilo kwa mchezo wa kamari.

Asilimia 3 inayobaki kwa kampuni inaonekana ndogo. Piga hesabu kwa saa. Raundi mbili na nusu kwa dakika ni raundi 150. Kwa shilingi 1,000 kila raundi umezungusha 150,000, na wastani wa hasara ni 4,500 kwa saa moja, hata kama uliingia na 20,000 tu. Mkeka wa mechi kumi ni polepole, lakini makato yake ni makubwa zaidi: kampuni ikijiwekea asilimia 5 kwenye kila mechi, mechi kumi zikizidishwa zinarudisha wastani wa shilingi 599 kwa kila 1,000. Kwa mtu mwenye pupa, kindege ni hatari zaidi pamoja na asilimia zake nzuri, kwa sababu kinachoufundisha ubongo ni idadi ya marudio.

Miaka 25

Picha za ubongo zilizopigwa kwa watoto walewale mwaka hadi mwaka, kazi iliyoongozwa na Jay Giedd kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani na kuchapishwa kuanzia 1999, zilionyesha kwamba gamba la ubongo halikomai kwa pamoja. Sehemu za kuona na kusogeza viungo hutangulia. Ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, unaopanga, unaosubiri na unaozuia, huchelewa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Miunganiko isiyotumika inapunguzwa, na nyuzi zinazobaki zinavikwa mafuta ya mayelini ili ujumbe usafiri haraka. Wakati huohuo straiatamu ya chini, inayoitikia zawadi, iko kwenye kilele chake karibu na miaka ya ujana na kushuka taratibu baadaye. Kati ya miaka 15 na 25 mvuto ni mkubwa na kizuizi bado kinajengwa.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu bahati nasibu na michezo ya kubahatisha imeweka umri wa chini wa kucheza kuwa miaka 25. Tanzania na Kenya ni 18. Naiona ya Uganda kuwa karibu zaidi na biolojia, ingawa sheria bila usimamizi kwenye simu haimzuii mtu.

Tahadhari moja: hizi ni wastani za makundi. Hakuna mashine inayoweza kumpiga picha kijana mmoja na kusema huyu ana pupa, huyu hana. Atakayekuuzia kipimo hicho anakudanganya.

Kuna jambo jingine la umri huu ambalo linasahaulika. Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Philadelphia waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta mwaka 2005, wakiwa peke yao au wakiwa na marafiki wawili wakiwatazama. Watu wazima hawakubadilika. Walio kati ya miaka 18 na 22 walijihatarisha zaidi marafiki walipokuwepo, na wenye miaka 13 hadi 16 zaidi ya hapo. Kundi la Telegram lenye watu elfu wanaorusha picha za mikeka iliyotiki linafanya kazi ya wale marafiki wawili saa 24, na mikeka iliyochanika hairushwi.

Pupa ina sura zaidi ya moja

Wanaofanya utafiti huu hawapimi pupa kwa kipimo kimoja. Sura ya kwanza ni kushindwa kukatiza kitendo kilichokwisha kuanza. Unaambiwa bonyeza mshale ukitokea, ila ukisikia mlio usibonyeze. Kijana mwenye afya anahitaji kama milisekunde 200 hadi 250 kukizuia kidole. Kazi hiyo inafanywa na eneo la chini la ubongo wa mbele upande wa kulia, likipeleka amri kwenye kiini kidogo kilicho chini ya talamasi, kituo cha kupitisha taarifa katikati ya ubongo; kiini hicho ndicho kinachosimamisha harakati nzima. Mwenye tatizo la umakini, ADHD, huchelewa zaidi hapa, na baadhi ya wanaovuka hadi utu uzima bila kupimwa hujikuta kwenye kamari au madeni bila kujua chanzo.

Sura ya pili ni kushusha thamani ya kesho. Fomula yake ni fupi: thamani ya leo ni kiasi cha pesa ukigawanya kwa (moja jumlisha k mara siku za kusubiri), ambapo k ni kasi ya mtu huyo kushusha thamani ya kesho. Shilingi 30,000 za baada ya siku 30, kwa mtu mwenye k ya 0.01, zina thamani ya 23,000 leo. Kwa mwenye k ya 0.05 ni 12,000 tu. Watu hawa wawili wanaweza kuwa na akili sawa darasani. Wa pili ataiweka ada yake kwenye mkeka kwa sababu, kwa ubongo wake, ile ada ya mwezi ujao imeshapoteza zaidi ya nusu.

Habari njema ni kwamba k inasogea. Jan Peters na Christian Büchel wa Hamburg walionyesha mwaka 2010 kwamba watu wakikumbushwa tukio halisi lililo kwenye kalenda yao siku hiyo ya mbele, wanasubiri zaidi. Kwa hiyo usiandike "akiba" kwenye pesa. Andika "kodi ya Machi, Mbagala" au "nauli ya kwenda kumwona mama Pasaka", na uiweke mahali pa kufunga: akaunti ya M-Shwari ya kufunga, VICOBA, au mkononi mwa mtu mwenye roho ngumu.

Inasogea pia upande mbaya. Katika jaribio la mwaka 2007, watu waliokaa macho kwa saa 35 walikuwa na amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, inayoitikia picha za kutisha kwa asilimia 60 zaidi, na mawasiliano kati yake na ubongo wa mbele yalikuwa yamelegea. Msongo mkali unafanya kitu cha kufanana: kemikali za hofu zikizidi, seli za ubongo wa mbele zinakatika mawasiliano. Kijana anayepata usingizi wa saa nne tu kwa usiku, anayedaiwa, aliyekunywa bia tatu, hana ubongo wa mbele wa kutosha wa kumwambia aache. Kumhubiria saa hiyo ni kuongea na sehemu isiyopokea.

Pupa inavyogeuka

Jeff Dalley, Trevor Robbins na wenzao wa Cambridge waliwafunza panya kusubiri mwanga kabla ya kuingiza pua kwenye tundu. Wengine walishindwa kusubiri mara kwa mara. Mwaka 2007 walionyesha kwamba panya hao wenye pupa walikuwa na vipokezi vichache vya dopamini vya aina ya D2 na D3 kwenye straiatamu ya chini, kabla hawajaonja dawa yoyote ya kulevya. Mwaka uliofuata David Belin na kundi hilohilo waliwapa panya kokeini, kisha wakaiambatanisha na mshtuko wa umeme miguuni. Panya wenye pupa ndio walioendelea kuitafuta kokeini pamoja na kupigwa shoti. Pupa ilitangulia, shuruti ikafuata.

Katikati kuna uhamisho. Mwanzoni kitendo kinaendeshwa na straiatamu ya chini, ambayo inajali matokeo: ukiacha kufurahia, unaacha kufanya. Marudio yakiwa mengi, kazi inahamia straiatamu ya juu, ambayo inajali ishara tu. Mlio wa ujumbe wa mshahara, saa tatu usiku, kiti kilekile, na kidole kinafungua programu. Mtu anakuambia, "Hata sifurahii," na anasema kweli. Kumwonyesha hasara kunazungumza na sehemu ya chini, wakati kitendo kilishahama.

Anayebaki akiamini kwamba haya yote ni tabia mbaya na azingatie wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaotokana na upungufu wa dopamini. Hawa wengi ni wazee waliokuwa na nidhamu maisha yote. Dawa kama pramipeksoli na ropiniroli huamsha vipokezi vya dopamini moja kwa moja. Katika utafiti uliochapishwa 2010 wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada, asilimia 17.1 ya waliotumia dawa za kundi hilo walikuwa na tatizo la kushindwa kujizuia, kamari, ununuzi, ngono au ulaji, dhidi ya asilimia 6.9 ya wasiozitumia. Mara nyingi daktari akipunguza dozi, hamu hupungua nayo.

Mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliihamisha kamari kutoka kwenye fungu la kukosa kujizuia na kuiweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa. Una dalili tisa: kuongeza dau ili kupata msisimko uleule, kukosa utulivu ukipunguza, kushindwa kuacha, mawazo kutawaliwa na kamari, kucheza ukiwa na dhiki, kurudi kukomboa hela, kudanganya, kuhatarisha kazi au uhusiano, na kutegemea wengine wakuokoe kifedha. Nne ndani ya miezi 12 zinatosha kuitwa ugonjwa. Nane au tisa ni hali kali.

Shuruti isiyo na raha tangu mwanzo

Kuna shuruti ambayo haikuanzia kwenye zawadi. Huyu anatia udhu, anafika miguuni, anahisi hakuosha kiwiko sawasawa, anarudia. Dakika 40, ngozi imepasuka, rakaa imempita. Katika pwani yetu watu wanauita wasiwasi na wengi hudhani ni uchamungu uliozidi au shetani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, alishautenga kuwa maradhi ya nafsi ya aina yake, mbali na huzuni na hofu. Leo unaitwa OCD, ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudia, unampata mtu mmoja hadi watatu kwa kila mia katika maisha yao, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 25.

Mzunguko wake unajulikana: gamba la juu ya macho linatoa taarifa kwamba kuna kosa, straiatamu inashindwa kuichuja, talamasi inairudisha juu, na taarifa inaanza upya. Kitendo kinatuliza kwa dakika chache, na utulivu huo ndio unaoufundisha ubongo kurudia. Lewis Baxter na wenzake wa UCLA walipima mwaka 1992 matumizi ya sukari ya ubongo kabla na baada ya matibabu. Kundi moja lilipewa fluoksetini, jingine tiba ya mazoezi bila dawa. Kwa waliopata nafuu katika makundi yote mawili, sehemu ileile ya straiatamu upande wa kulia ilipoa. Mazoezi yanabadilisha ubongo, hilo limepimwa.

Tiba hiyo ni kukabili bila kutenda, na inafanyika hivi. Orodhesha mambo yanayokutia dhiki na uyape alama 0 hadi 100. Anza na la 30 au 40, usianze na la 90. Kwa mwenye shida ya udhu, baada ya kukubaliana na sheikh anayeelewa, anaingia na kopo la lita moja, anafunga bomba, anatia udhu mara moja bila kuzidisha mara tatu kwa kila kiungo, anatoka na kuswali hata moyo ukimwambia haikusihi. Anaandika alama ya dhiki kila baada ya dakika 5, kwa dakika 45 hadi 90, bila kurudi bafuni. Kesho anafanya hivyohivyo. Dhiki ya jambo hilo ikishuka hadi 15 au 20 siku kadhaa mfululizo, panda ngazi inayofuata. Vikao 12 hadi 20 na mtaalamu ni kawaida.

Hukwama kwa sababu tatu. Mtu anakatisha zoezi dhiki ikiwa kileleni, na ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikookoa. Au anaacha kuosha lakini anahesabu kimoyomoyo, ambako ni kurudia kwa njia nyingine. Au nyumbani wanamhakikishia. "Mama, niliosha?" "Ndiyo mwanangu, uliosha." Jibu hilo la upendo linafanya kazi ya maji. Familia ipange jibu moja, kwa mfano "Tulikubaliana sitajibu swali hilo, na niko hapa," na ilitumie kila mara bila hasira.

Dawa za kundi la SSRI hufanya kazi hapa kwa dozi kubwa kuliko za sonona, mara nyingi fluoksetini miligramu 40 hadi 80 au sertralini hadi 200, na zinahitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Wengi huziacha wiki ya tatu wakisema hazifai. Kwa walio chini ya miaka 25 kuna onyo kwamba mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka wiki za mwanzo, kwa hiyo mtu wa nyumbani awe macho na daktari aonwe mapema, na dozi isikatwe ghafla.

Kwa anayebeti

Kuna mtindo umeenea wa kile kinachoitwa kufunga dopamini: siku nzima bila simu, muziki wala utamu, ili ubongo ujisafishe. Dopamini haijai wala haimwagiki hivyo. Bila hiyo usingeweza hata kusogeza mkono. Kinachosaidia kwenye siku kama hiyo ni kutokutana na ishara, na hilo linaweza kupangwa kwa mwaka mzima bila kujitesa.

Kwa hatua ya pupa, kazi ni kuweka muda na umbali. Hamu hupanda na mara nyingi hushuka ndani ya dakika 20 hadi 30 isipolishwa. Futa programu, toka kwenye makundi ya mikeka, omba akaunti ifungwe na kampuni yenyewe, na ujitoe kwenye mkopo wa papo hapo kama Fuliza au Songesha, kwa sababu huo unaondoa kizuizi pekee cha asili, yaani pesa kuisha. Mshahara ukiingia, kodi na chakula vilipwe saa hiyohiyo. Andika mpango wenye sharti: "Nikipata hamu ya kukomboa hela, nitampigia kaka na kutoka nje huku nikiendelea kuongea naye." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mpango wenye "ikiwa" na "basi" unatekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla, kwa sababu ishara yenyewe inakuwa ya kuanzisha kitendo kingine.

Kwa hatua ya shuruti hayo hayatoshi, ingawa bado yanahitajika. Hapo kitendo kimeshaungwa na ishara, na lazima ishara ileile ipewe kitendo kingine mara nyingi, kwa wiki na miezi. Tiba ya fikra na tabia, kwa kawaida vikao 8 hadi 12, ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Kuna dawa iitwayo naltreksoni, hufunga vipokezi vya opioidi na kupunguza ukali wa hamu kwa baadhi ya watu. Hutolewa mara nyingi miligramu 50 kwa siku, ini hupimwa, na haichanganywi kamwe na tramadoli, kodeini au methadoni. Kumlipia kijana madeni yote kwa mkupuo, huku simu na akaunti vikiwa vilevile, kunamrudishia mtaji.

Madeni ya kamari na aibu yake yanaua. Kijana akisema afadhali asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, Unguja Kidongo Chekundu, Nairobi Mathari, Kampala Butabika, na hospitali nyingi za mikoa na kaunti zina kliniki ya akili.

Kabla ya kwenda kliniki, omba taarifa ya miamala ya simu ya miezi 3 na uichape. Piga mstari chini ya kila malipo ya kubeti, kisha andika pembeni saa, na kama yamefuata hasara ndani ya dakika 30. Malipo yaliyotawanyika, makubwa siku za mechi na siku za mshahara, yanaonyesha pupa zaidi. Malipo madogomadogo, saa zilezile, usiku, yakifuatana baada ya kila hasara, yanaonyesha shuruti. Ongeza orodha ya dawa zote unazotumia, saa unazolala, kiasi cha pombe, na kama ukiwa mtoto walimu walilalamika kuwa hutulii. Mpe daktari karatasi hizo mwanzoni mwa kikao, kabla hajaanza kuuliza.